Mwandiko Ule Haukuwa Wangu

Naomi mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana asubuhi umenipa shikamoo na nimeitikia, na chai tumekunywa meza moja. Afya yangu unaijua: goti la kulia linanisumbua kama kawaida yake, mengine mazima. Sasa ni saa tisa mchana, Jumamosi. Umeshuka Rhotia kumuaga shangazi yako na kuchukua gauni kwa fundi, na kwa ninavyomjua dada yangu hatakuachia mpaka uwe umekula mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Kesho alfajiri basi la Loliondo litakupitia pale barabarani, na Jumatatu utaripoti Enguserosambu, mwalimu wa baiolojia, ajira ya serikali. Barua ya kupangiwa kazi umeitia kwenye faili la plastiki na kulifunga kwa raba mbili. Nilikuona ukilifunga, nikataka kukutania, nikashindwa.

Habari za neti, za maji ya kuchemsha na za baridi ya huko sitazigusa. Shangazi yako anazimaliza zote hivi sasa. Mimi nina jambo moja tu, na wiki nzima nimejaribu kulisema kwa mdomo. Jumanne nilikuita, ukatoka jikoni umeshika mwiko, ukasema "Naam baba," nikakuuliza kama chumvi ipo. Chumvi ilikuwepo. Jana nilikuita tena, nikaishia kuuliza habari za betri za redio. Mtu aliyesimama mbele ya wanafunzi miaka ishirini na saba anashindwa kusema sentensi tano mbele ya mwanawe mwenyewe, ndiyo maana anaandika.

Ni habari ya ubao ule wa kidato cha nne, ulipokuwa na miaka kumi na saba. Najua unadhani unaijua yote. Unayoijua ni nusu. Nusu ya pili ninayo mimi, na mama yako alikuwa nayo, naye amekwenda nayo.

Nianze na jinsi nilivyokuwa nafundisha, maana kosa halikuanzia kwako. Mada ya evolusheni, yaani jinsi viumbe walivyobadilika tangu kale mpaka wakawa hivi walivyo, iko kwenye muhtasari wa serikali na swali lake hutokea kwenye mtihani wa taifa. Kuiruka huwezi. Lakini mimi nilikuwa pia mzee wa kanisa, na kiti cha wazee kwetu kiko mbele kabisa, kimegeukia watu, kila mtu anakuona hata ukisinzia. Basi nikatafuta njia yangu. Kila mwaka mada ile ilipofika, nilimpa mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri daftari langu la notsi akanakili ubaoni, wenzake wakanakili kutoka kwake, mimi nimekaa ofisini nasahihisha kazi za kidato cha pili. Dakika tano za mwisho naingia, nasimama mlangoni, nasema: "Hiyo ni ya mtihani. Jibuni kama ilivyo, halafu muiache huko huko kwenye karatasi." Wanacheka, kengele inalia, tumemaliza. Katika miaka yote hiyo mkono wangu haukuandika hata mstari mmoja wa mada ile ubaoni, na nilijiona mjanja sana.

Wala si mimi peke yangu. Magari ya wageni yanapita hapa kila siku kwenda Oldupai kuona mahali mifupa ya watu wa kale ilipochimbwa, na wanaowaeleza wageni ni vijana wetu, wengine nimewafundisha mimi. Jumatatu hadi Jumamosi kijana anataja umri wa fuvu kwa Kiingereza safi. Jumapili yuko kwaya, sauti ya tatu, anaimba uumbaji wa siku sita, na machozi yanamtoka kweli. Hakuna aliyewahi kumuuliza mambo hayo mawili anayawekaje. Tumezoea hivyo, na mazoea yana raha yake.

Mwaka wako, mwenye mwandiko mzuri ulikuwa wewe. Nilikukabidhi daftari mlangoni pa ofisi ya walimu, nikakuambia uandike kurasa zote nne, na mchoro. Nilisema "na mchoro" kwa mdomo wangu, hilo nalikumbuka vizuri. Ukachora vile viumbe vitano vinavyofuatana, wa kwanza ameinama, wa mwisho amesimama wima kama mtu yeyote wa Karatu anayesubiri gari. Ulichora vizuri mno. Mwingine angechora vijiti, na labda yasingetokea yaliyotokea.

Siku ile ile, tukirudi nyumbani kwa miguu, uliniuliza: "Baba, wewe unaamini lipi?" Hukuuliza kwa ukorofi. Uliuliza kama mtu anayeuliza njia. Nikakujibu: "Mtihani hauulizi unaamini nini." Jibu hilo nilikuwa nalipenda, nilishalitumia kwa wengine. Ukacheka kidogo, ukatazama chini, tukaendelea kutembea. Tangu siku hiyo hujaniuliza swali lolote. Namaanisha swali la kweli. Lile la "baba utakula sasa au baadaye" silihesabu.

Kesho yake Mzee Tluway alileta shuleni mahindi yake ya mchango wa chakula cha wanafunzi. Unamkumbuka alivyokuwa wakati ule, mwenyekiti wetu wa wazee wa kanisa, mtu wa haki kwa jinsi anavyoijua haki. Alipita dirishani kwenu na ubao ulikuwa haujafutwa. Kiingereza hajui, lakini mchoro wako haukuhitaji Kiingereza. Akatoa simu, akapiga picha.

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na kikao cha wazazi. Ajenda ilikuwa choo cha wasichana. Choo hakikujadiliwa. Mzee Tluway alisimama, akaishika ile simu juu ingawa hakuna aliyeweza kuona kitu kutoka mbali vile, akasema: "Mkuu wa shule, sisi hatujaleta watoto hapa waambiwe babu zao walikuwa nyani. Kama serikali inalazimisha, sawa, serikali hatuiwezi. Lakini basi mchungaji naye apewe kipindi hicho hicho cha baiolojia, aseme ya kwetu, watoto wachague wenyewe."

Watu wakapiga makofi. Mkuu wa shule akasema kwa sauti ya chini kwamba kipindi cha dini kipo, kila Ijumaa mchungaji na shehe wanakuja, na sayansi nayo ina kipindi chake. Hakuna aliyemsikiliza. Ndipo akanyanyua fimbo baba yake Saitoti, yule mwanafunzi wa bweni aliyetoka Nainokanoka. Alikuwa ameingia amechelewa, vumbi la njiani bado liko kwenye lubega yake.

"Mimi nauliza tu," akasema. "Mchungaji akimaliza, na mimi nitapewa dakika? Kwetu sisi Wamaasai, Mungu wetu Engai aliteremsha ng'ombe kutoka juu kwa kamba ya ngozi. Hiyo ndiyo ya kwetu. Mwalimu ataiandika ubaoni, au hiyo ni ya kuchungia tu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akangoja wanyamaze, akasema: "Halafu shehe aseme yake. Sasa huyu mtoto wangu atajifunza saa ngapi damu inavyotembea? Nimemleta kwa hiyo damu. Ya Engai nimeshamfundisha mwenyewe."

Akakaa. Mimi nilikuwa kwenye safu ya walimu, na nilijua kwamba mzee yule, ambaye hajawahi kuingia darasani, amesema jambo ambalo mimi nilipaswa kulisema miaka mingi nyuma. Lilikuwa mdomoni kwangu kabisa. Nikatazama kalamu yangu mpaka kikao kikafungwa.

Sasa sikiliza ile nusu ya pili. Jumapili baada ya ibada wazee tulibaki katika ofisi ya usharika. Tulikuwa saba pamoja na mchungaji wa wakati ule. Mzee Tluway akaweka simu mezani mbele yangu, picha imefunguka, akaniuliza bila hasira yoyote: "Mwalimu, huu mwandiko ni wako?"

Nikasema: "Si wangu."

"Ni wa nani?"

"Wa Naomi."

Mchungaji akauliza: "Ni wewe uliyempa kazi hiyo?"

Hapo palikuwa na nafasi, mwanangu. Wote walikuwa wananitazama, na neno lenyewe ni fupi: ndiyo. Nikasema: "Niliwaacha wajisomee." Wakatikisa vichwa. Nikaona mabega ya Mzee Tluway yakishuka, na mimi pia nikapumua, nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi. Hilo sijawahi kumwambia hata mama yako.

Waliyoamua unayajua. Ukaondolewa kufundisha shule ya Jumapili, wale watoto wadogo waliokuwa wakigombea kukushika mkono wakapewa mtu mwingine. Na Jumapili iliyofuata usimame mbele ya usharika uombe msamaha, kwa desturi yetu, ili urudishwe kundini. Nilikuja nyumbani, nikakukuta unapepeta maharage, nikakuambia: "Nimejaribu kukutetea mwanangu, wamekataa." Ukasema: "Asante baba kwa kujaribu." Tangu siku hiyo nimekuwa nikiibeba asante yako kama kitu cha wizi.

Sikujaribu, Naomi. Hakuna nilichosema. Mimi ndiye niliyewapa jina lako.

Jumapili ile ulivaa sketi ya shule kwa sababu ndiyo iliyokuwa imepigwa pasi. Ulisimama pale mbele, mimi nimekaa kwenye kiti changu hatua nne kutoka kwako, nimevaa tai. Ulisema: "Naomba msamaha kwa nilichoandika." Ulinitazama mara moja. Mimi nikatazama kibao cha namba za nyimbo. Ungeweza kusema "baba ndiye aliyenipa daftari." Lilikuwa jambo la kweli, na nusu ya darasa lenu walikuwa wamekaa humo na wanalijua. Hukulisema. Nimewaza miaka saba kwa nini hukulisema, na kila jibu ninalolipata linanifanya niwe mdogo.

Mama yako alikuwa kitandani wakati ule, ugonjwa umeshamshika kiunoni, hakwenda ibadani. Jioni alinitazama, akaniuliza moja kwa moja kilichosemwa ofisini, na yeye sikuweza kumdanganya. Nikaanza kujitetea. Nikamwambia akina mama wa usharika wanakuja kila siku kumchotea maji na kumwogesha, nikigombana na wazee wataacha kuja, tutafanyaje. Akasema: "Hao wanakuja kwa ajili yangu. Hawaji kwa ajili ya kiti chako." Kisha akasema: "Umemtoa mtoto badala yako. Utamwambia mwenyewe. Mimi simwambii, na usinitume."

Hakulirudia tena. Lakini kila ulipoingia chumbani kumletea uji, alikutazama wewe, halafu akanitazama mimi. Miezi minane. Nilikuwa nasema moyoni nitamwambia akimaliza mtihani, nitamwambia mama yake akipata nafuu. Ukamaliza mtihani. Mama yako tulimzika Machi, na akina mama wale wale walikuja wakakaa nasi wiki mbili, wala hakuna aliyewahi kuniuliza habari za kiti.

Baada ya hapo ulinishinda kwa adabu. Umekuwa mtoto ambaye kila mtu ananisifia. Ukiwa chuo ulipiga simu kila Jumapili jioni, dakika kumi, habari za masomo, habari za goti, usiku mwema baba. Likizo ukija unafua, unapika, unasugua sufuria mpaka zinang'aa, unaondoka. Hujawahi kunijibu vibaya. Nimekaa katika nyumba hii na mgeni mwema kuliko wageni wote, na nimekuwa mpweke ukiwepo kuliko ukiwa haupo, maana ukiwa haupo angalau najua sababu. Siku uliponiambia umechagua ualimu wa baiolojia, nilitoka nje, nikajifanya nakwenda kufunga ng'ombe. Sikujua kama unanifuata au unanisuta. Mpaka leo sijui.

Mwezi wa tano, barua yako ya kazi ilipotoka, nilikuwa nimefika kwenye mada ile na kidato cha nne wa mwaka huu. Daftari la notsi lilikuwa mezani, nimeshamwita msichana mmoja mwenye mwandiko mzuri, anaitwa Fatuma, ameshanyoosha mkono kulipokea. Nikaona mkono wake una chaki tayari. Nikamwambia, "Kakae." Nikaingia mwenyewe. Niliandika ubao mzima, Naomi, na mchoro wangu ulikuwa mbaya sana, yule wa kwanza alifanana na mbuzi na darasa zima likaona. Nikawaeleza kwamba hakuna kitabu kinachosema babu yako alikuwa nyani wa porini huyu tunayemfukuza shambani. Nikawaeleza tabaka za udongo wa Oldupai, jinsi wanavyojua lipi ni la zamani na lipi ni la juzi, na mahali wataalamu wenyewe bado wanabishana.

Fatuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, na wewe unaamini hivyo?" Swali lako, kwa sauti nyingine.

Nikasema: "Humu ndani nawafundisha jambo ambalo mtu anaweza kulichimba, kulipima, na kesho mwingine akaja kulikosoa. Mimi nasali, wote mnanijua. Lakini sala yangu siwezi kuwasahihishia kwa vema na kosa. Ukitaka kujua ninavyoamini, nje ya darasa nitakuambia, na hutapata maksi kwa kukubaliana nami." Akaandika kitu kwenye daftari. Kengele ikalia.

Nikangoja. Nilijua kutakuwa na picha, na kikao, na simu mezani. Ikapita wiki, ukapita mwezi. Hakuna aliyekuja. Mzee Tluway nilikutana naye kwenye mashine ya kusaga, ameshazeeka, akaniuliza habari za goti. Hapo ndipo nilipoumia zaidi kuliko siku zote. Jambo lililonishinda miaka saba iliyopita, nikakutoa wewe, lilikuwa la dakika arobaini. Huenda wakati ule wangenikalia kikao. Huenda wangenivua kiti. Basi, ndivyo ingekuwa, na wewe ungekuwa unaniuliza maswali mpaka leo.

Kwa hiyo sasa nikujibu, nimechelewa. Uliuliza naamini lipi. Mifupa ile naiamini. Nimesoma jinsi wanavyoipima na sioni sababu ya watu wale kutudanganya. Na kila asubuhi nasali, na simwombi Mungu wa kubuni. Bibi yangu, ambaye hakubatizwa mpaka uzee wake, alimwita Mungu Looa, akimtaja kama mama, akasali amelielekea jua likichomoza. Mimi namwita Baba, nafumba macho, nadhani anayesikia ni yule yule. Namna mambo haya yote yanavyoungana, sijui. Hilo ndilo jibu lote. Ningekuambia "sijui, mwanangu, na mimi najiuliza" siku ile njiani, tungekuwa wawili tunaojiuliza. Niliona haya kusema sijui kwa sababu mimi ni mwalimu.

Huko uendako watoto wengi watakuja na ile kamba ya ngozi. Saitoti aliwahi kuisimulia darasani kwangu, kabla ya kikao kile, wenzake wakacheka na mimi nikacheka nao. Akakaa, na hakunyoosha mkono tena mpaka alipomaliza shule. Sikuambii ufanye nini. Wewe umesoma ualimu kunishinda, na umesomea zaidi pale mbele ya usharika, ukiwa na sketi ya shule. Nakuambia nilichofanya tu, ili ukimwona mtoto anakaa chini namna ile ujue kinachotokea.

Kesho utakuwa umeondoka ibada ikianza. Alhamisi nilipeleka barua ya kujiuzulu uzee wa kanisa, na nimemwomba mchungaji huyu mpya nafasi baada ya matangazo. Nitasimama pale uliposimama wewe. Nitasema daftari lilikuwa langu, kazi nilitoa mimi, na kwamba mtoto aliyeomba msamaha hakuwa na kosa, aliyekuwa na kosa alikuwa amekaa kwenye kiti akimtazama. Mzee Tluway atakuwepo, nimemwambia mwenyewe, akasema, "Mwalimu, hayo yamepita." Nikamwambia hayajapita kwangu. Nimechagua siku ambayo hutakuwepo kwa makusudi. Ungekuwepo, watu wangegeuka tena kukutazama usoni, wakingoja unisamehe mbele yao ili wimbo uanze. Hupaswi kufanyiwa hivyo mara mbili.

Jambo la mwisho, na nusura nisiliandike. Nilipoanza barua hii nilikuwa nimepanga kuitia ndani ya begi lako, katikati ya nguo, uikute jioni ukiwa umefika. Njia yote ile ya hifadhini mtandao ni wa shida, na nikasema moyoni, akiisoma atakuwa mbali, hasira ikimpanda simu haitapatikana, mpaka tukisikilizana itakuwa imepoa. Nimepanga hivyo nikiwa nakuandikia kuhusu woga. Nimeona aibu peke yangu hapa mezani.

Nasikia bodaboda imesimama nje, na sauti yako ukiagana na dereva. Barua hii nitakupa mkononi ukiingia. Isome hapa hapa, mimi nitakaa mbele yako, sitatoka nje kufunga ng'ombe. Ukimaliza, niulize chochote unachotaka. Na ukitaka kuondoka alfajiri bila kuniuliza kitu, nitakubebea begi mpaka barabarani.

Baba yako